Raundi 75 za Sullivan zisiwazuge

Jana kijiweni yameanza tena yale yale, mzee mmoja kashika kikombe chake cha kahawa anasema mabondia wa siku hizi mayai tu, eti John L. Sullivan, yule bingwa wa ngumi wa Marekani wa karne ya 19, alipiga raundi 75 bila glovu, leo nani anaweza? Vijana wote kimya. Nikabisha mpaka kahawa yangu ikapoa, na sijamaliza.

Pambano lenyewe kweli lilikuwepo, tarehe 8 Julai 1889, Richburg, Mississippi, Sullivan na Jake Kilrain, ubingwa wa mwisho wa uzito wa juu kupiganiwa kwa ngumi kavu. Jua kali balaa, masaa mawili na dakika 16. Raundi ya 44 Sullivan akatapika pale pale, kona yake, yaani wasaidizi wake, ilikuwa inamnywesha chai yenye wiski, watu wakatania eti tumbo limekataa chai likabakisha wiski. Kilrain akaomba watoke sare, jamaa akagoma, wakaendelea mpaka kona ya Kilrain yenyewe ikarusha sponji, ishara ya kusalimu amri. Huyo ni mwanaume, hapo sibishi.

Ila hizo raundi mnazihesabu vibaya jamani. Kwa sheria zile raundi haikuwa na dakika tatu, inaisha mtu akienda chini, na mieleka ruksa, kwa hiyo ukizidiwa unaangukia ngumi nyepesi tu, unapumzika nusu dakika, unarudi kwenye mstari wa katikati ya ulingo. Chukua dakika 136 gawa kwa 75, haifiki dakika mbili, na mapumziko yamo humo humo! Muhammad Ali na Joe Frazier kule Manila, Ufilipino, 1975 walikwenda raundi 14 za dakika tatu tatu, tena wanatwangana vichwani.

Na hili la glovu ndio linawachanganya wengi. Glovu inalinda mkono wa anayepiga. Mike Tyson 1988 alikutana na bondia mwenzake Mitch Green mtaani Harlem, New York, alfajiri, wakazinguana, akamtandika ngumi kavu, jicho la Green likavimba likafunga, lakini mkono wa Tyson nao ukavunjika, na ni Tyson huyo! Sasa wale wa zamani wangekuwa wanagonga fuvu kwa nguvu zote si wangemaliza mikono raundi ya tatu? Walipiga mbavu, wakakumbatiana, wakaviziana.

Sullivan mwenyewe alipenda kupigana na glovu, halafu 1892 New Orleans, ana miaka 33 na kitambi juu, James Corbett akamchezea na hizo hizo glovu mpaka akamwangusha kwa KO (knockout) raundi ya 21.

Kinachoniudhi mimi ni Peter Jackson, maana huyu hatajwi kabisa kijiweni. Bondia mweusi, hatari, Sullivan akakataa wazi wazi kupanda naye ulingoni kisa rangi. Corbett yeye alipanda, 1891, raundi 61, hakupatikana mshindi. Yaani mtu aliyemshinda Sullivan hakumuweza Jackson, alafu Sullivan ndio tunaambiwa alipiga kila mtu.

Sasa tukimpambanisha Sullivan na Joe Louis, yule bingwa wa uzito wa juu aliyetetea ubingwa mara 25, kwa glovu naweka hela yangu kwa Louis, na raundi ya tano haifiki. Ila ngumi kavu, jua la Richburg, mieleka ruksa, hapo mzee wa kijiweni namwachia ushindi wake, maana Louis na zile kombinesheni zake, ngumi za mfululizo za kichwani, angevunja mkono mapema sana.