Koyote wa Galveston na Damu ya Mbwa Mwitu

Miguu mirefu kupita kiasi, kifua kipana, pua nene, manyoya yenye wekundu nyuma ya masikio. Koyote wa kisiwa cha Galveston, pwani ya Texas, wana sura iliyowachanganya watu kwa miaka. Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa wa Amerika Kaskazini, mwili umemzidi kidogo bweha wetu. Na nikisema mbwa mwitu hapa, simaanishi yule mwenye mabaka wa Serengeti. Namaanisha wale wa upande wa pili wa bahari, ndugu zake yule anayekula kondoo katika hadithi za Ulaya.

Mkazi mmoja wa Galveston hakuridhika na kubishana tu. Aliwapiga picha, akachukua vipande vya nyama kutoka kwa wawili waliogongwa na magari, akavitia kwenye friza. Miaka ilipita ndipo alipopata wanasayansi wa kumsikiliza. Kufikia hapo kipande kimoja kilikuwa kimepotea, kwa hiyo alituma kisu cha upasuaji alichokikatia, na vinasaba vikapatikana kwenye kisu. Desemba 2018, Bridgett vonHoldt wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake walitoa majibu: wanyama wale walibeba jeni za mbwa mwitu mwekundu, aina adimu ya kusini mashariki mwa Marekani, na nyingine ni za aina ambayo haipo hata kwa mbwa mwitu wekundu wanaofugwa leo.

Uzito wa jambo hili uko hapa: mbwa mwitu mwekundu alitangazwa mwaka 1980 kuwa ametoweka porini. Miaka ya 1970 maofisa wa serikali ya Marekani walikamata zaidi ya wanyama 400 kwenye pwani ya Texas na Louisiana, wakawachuja, wakabaki na 14 wa kuzalisha. Kila mbwa mwitu mwekundu anayefugwa sasa ametoka kwa hao. Kundi lililotokana na wanyama wachache namna hiyo huoana ndugu kwa ndugu, na jeni zilizopotea hazirudi. Isipokuwa, pengine, zimejificha ndani ya koyote.

Wanaotilia shaka kwamba koyote hawa wanastahili kuenziwa kwa ajili ya jeni hizo wana hoja, tena nzito. Kwanza, sura hudanganya. Mwaka 2007 mji wa Cuero, huko huko Texas, ulipatwa na kizaazaa cha mnyama asiye na manyoya, ngozi ya kijivu, ambaye watu walisema ni chupakabra, mnyonya damu ya mbuzi wa hadithi zilizoanzia Puerto Rico miaka ya 1990. Vipimo vya Chuo Kikuu cha Jimbo la Texas vikasema koyote. Wanyama wengi wa aina hiyo ni koyote wagonjwa tu, walionyonyoka manyoya kwa upele unaoletwa na utitiri. Kisiwani Newfoundland, Kanada, wako koyote weupe. Weupe wao unatokana na badiliko la jeni ambalo hata mbwa wa nyumbani wa aina ya golden retriever analo. Weusi wa koyote wa kusini mashariki mwa Marekani nao asili yake ni mbwa wa kale. Kwa hiyo damu ngeni inaweza kubadilisha rangi ya mnyama mzima na bado akabaki koyote.

Ila si haki kuitupa sura moja kwa moja. Utafiti wa mwaka 2022 kwenye koyote wa kusini magharibi mwa Louisiana ulikuta kati ya asilimia 38 na 62 ya jenomu zao, yaani jumla ya vinasaba vyao, ni za asili ya mbwa mwitu mwekundu, na waliokuwa na sehemu kubwa zaidi ndio waliokuwa wazito zaidi. Na wale 14 wanaohesabiwa kuwa safi, walichaguliwaje? Kwa sura. Maumbile, vipimo vya fuvu, mlio wao usiku. Mwaka 1975 hapakuwa na mashine ya kusoma jenomu. Anayewakataa wa Galveston kwa kuwa ushahidi wao ulianzia machoni, akumbuke kuwa mpaka wenyewe kati ya koyote na mbwa mwitu mwekundu ulichorwa kwa macho.

Hoja ya pili ya wapinzani ndiyo inayonikosesha usingizi kidogo. Mbwa mwitu wekundu walirudishwa porini North Carolina mwaka 1987, wakazidi 100 mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha wakaporomoka hadi mwaka 2021 waliojulikana hawakufika 10. Risasi na magari vilichangia, na kuzaa na koyote ni tishio la kudumu. Huko koyote hufungwa uzazi na kurudishwa kwenye eneo lake, alilinde asiingie mwingine, huku hana uwezo wa kuchanganya damu. Sasa serikali ile ile ifanyeje: izuie machotara North Carolina na kuwaenzi Texas? Inaonekana kama kujipinga. Mimi sioni hivyo. Kule kundi dogo linaweza kumezwa. Huku lilishamezwa, na kilichobaki ni kile kilichomo tumboni mwa aliyelimeza.

Tena huo usafi wenyewe una mushkeli. Mwaka 2016 vonHoldt huyo huyo aliongoza utafiti uliodai mbwa mwitu mwekundu ni mchanganyiko, sehemu kubwa koyote na iliyobaki mbwa mwitu wa kijivu. Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zikaja mwaka 2019 na kusema hapana, ni spishi halali. Na tusidhani ni mambo ya Wamarekani peke yao. Yule bweha wa rangi ya dhahabu wa Kenya na Tanzania, tuliyezoea kumhesabu pamoja na wa Asia, vinasaba vilimtenga mwaka 2015, na mwaka 2018 vikaonyesha ana asili ya mbwa mwitu wa kijivu na wa Ethiopia kwa pamoja. Hata hivyo anahesabiwa spishi kamili.

Mwaka 2025 kampuni ya Colossal Biosciences ilitangaza watoto wanne iliowakloni, yaani kuwazalisha kama nakala, kwa chembe za wanyama wa pwani hii na kuwaita mbwa mwitu wekundu, jina ambalo baadhi ya wataalamu walilikataa. Nami naona wamekimbilia maabara mapema mno, ilhali mama na baba wa jeni hizo wapo hai, wanazaa bure porini.

Sheria ndiyo iliyokwama. Ile ya Marekani ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini haisemi wazi afanyiwe nini chotara. Rasimu ya sera ilitolewa mwaka 1996, haikukamilishwa hadi leo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, sawa, lakini mtoto wa nyoka na kenge? Kwa Texas jibu ni rahisi: ni koyote, na koyote hana msimu wa kufungwa kwa uwindaji. Anapovuka barabara ya Galveston usiku, hakuna karatasi yoyote inayomtofautisha na yule wa jangwani asiye na tone la mbwa mwitu.