Siku nne Sevilla na watoto wakubwa, na siku moja iwe yao

Jamani, kila likizo fupi ya skuli ikikaribia huku Uingereza simu yangu haitulii, shoga huyu anauliza, binamu yule anauliza, wewe si ulikwenda Hispania na wanao, hebu nielekeze, mie nina siku nne tu na hawa wangu washakuwa wakubwa hawafurahii kitu. Leo nimekaa chini niseme yote kwa mpigo. Ukiniuliza mie, nenda mji mmoja tu, basi, na katika hizo siku zako nne toa siku moja nzima uwape watoto, pamoja na pesa za siku hiyo, waamue wao mnaenda wapi, mnakula nini, mnarudi saa ngapi, wewe na baba yao mfuate nyuma. Najua kuna watakaoguna, maana sisi tulivyolelewa mtoto hampangii mzazi safari, anaambiwa vaa viatu anavaa. Lakini kijana wa miaka 16 ukimburuta mji wa watu siku nne bila kumuuliza lolote, mwili utakuwa na wewe, moyo kauacha kwenye simu.

Nasema hivi kwa sababu nilishakosea. Safari yetu ya kwanza Hispania niliipanga peke yangu, usiku, baada ya kazi, na kwa ile tamaa ya kuona kila kitu nikaweka Barcelona na Madrid ndani ya siku nne. Kwenye karatasi ilikaa vizuri, treni ya mwendokasi kati ya miji hiyo miwili ni kama saa mbili na nusu hivi, nikaona si kitu. Ila hapo ongeza kufungasha, kutoka hoteli, kuwahi stesheni, mabegi yakaguliwe, kufika, kuitafuta nyumba uliyokodi, siku imekwisha. Na nyumba yenyewe huko Madrid ghorofa ya tano, lifti mbovu, mwenyewe simu hapokei. Sagrada Familia, lile kanisa maarufu la Barcelona, tulifika bila tiketi, nilidhani mtu anapanga foleni anaingia, kumbe tiketi zinauzwa kwenye mtandao na kila mtu ana saa yake ya kuingia, na za siku ile zimekwisha. Tukalitazama kwa nje. Binti yangu, wakati ule ana miaka 11, alikaa ukingoni mwa barabara akavua viatu akaniambia, "Mama, miguu inaniuma, kwani tunafanya nini hapa?" Sikuwa na jawabu, na swali lile lilinikaa mpaka tukarudi nyumbani.

Sasa yeye ana 13, kakake 16, na Oktoba iliyopita tukaenda Sevilla, mji mmoja, usiku nne, nyumba moja ndogo ya kupanga karibu na katikati ya mji. Nilichagua Sevilla kwa sababu mji ni tambarare, ukishafika katikati unatembea kwa miguu kila pahala, na basi la kutoka uwanja wa ndege linakuleta mjini bila shida. Oktoba ni mwezi mzuri, jua lipo ila haliungui. Julai na Agosti mimi siwashauri kabisa, kule kusini joto si mchezo, mwaka 2021 mkoa jirani wa Córdoba ulifika nyuzijoto 47.6, sasa wewe na watoto mtatembea wapi?

Kitu cha kwanza cha kukubali ni saa za Wahispania. Ukipigana nazo utashinda na njaa. Wenzetu chakula cha mchana ni saa nane, saa tisa, halafu majiko mengi yanafungwa mpaka saa mbili usiku, na watu wanakula saa tatu, saa nne. Mwanzo nilihofia, nikasema watoto wataweza kweli? Kumbe kwa watoto wakubwa ndo raha yao. Asubuhi tunatoka kuona vitu, mchana tunakula sana, tunarudi kulala, kila mtu na chumba chake na simu yake hakuna wa kumsumbua mwenzake, halafu jioni tunatoka tena wote tumechangamka. Na usiku wa Sevilla ni wa familia, mabibi wamekaa kwenye mabenchi, watoto wadogo wanacheza mpira uwanjani saa tano usiku, vijana wanapiga soga. Mie nilikumbuka Forodhani. Na ile mitaa ya Santa Cruz, myembamba, kuta zimekaribiana jua lisiingie, nyumba zina ua ndani na maua na chemchemi, ukipita usiku ni kama uko Mji Mkongwe kabisa, kijana wangu mwenyewe ndo aliesema, "Mama, hapa kama kwa bibi."

Wala hakukosea. Waislamu walitawala kule zaidi ya miaka 500, mpaka Sevilla ilipochukuliwa mwaka 1248. Mnara wa kanisa kuu, Giralda, ulikuwa mnara wa msikiti, ulimalizika mwaka 1198, na ndani yake huna ngazi mpaka karibu na juu, ni njia za kupanda zinazozunguka, kwa sababu muadhini alikuwa akipanda na mnyama. Watoto walipanda mbio, mie na baba yao tukapanda polepole tukishikana mikono. Halafu Alcázar, jumba la wafalme, jina lenyewe ni kasri letu hilo hilo, al-qasr. Sasa sikiliza hili. Mfalme Pedro, Mkristo, alijenga jumba lake pale kuanzia mwaka 1364 kwa mafundi wa Kiislamu, wengine waliletwa kutoka Granada, na mbele ya jumba kuna vigae vya buluu na nyeupe vyenye maandishi ya Kiarabu ya kona kona. Watu wanapita wanapiga picha wanaondoka. Kijana wangu alisimama, akakodoa macho, akaanza kutoa herufi moja moja kwa kidole hewani kama alivyofundishwa madrasa, mpaka ikatoka: wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akanigeukia uso umebadilika. Miaka yote ya kumsukuma kwenda chuoni Jumamosi asubuhi na baridi ya Leicester, malipo yake niliyaona pale ukutani.

Ndo maana naona mzazi anaetoka pwani yetu akiwapeleka watoto Hispania akaishia baharini na madukani, kawanyima kitu. Binti yangu alianza daftari la maneno siku ya pili, hakuna aliemwambia. Kaona sukari wanaita azúcar, zeituni ni aceituna, zafarani ni azafrán, hata ni hasta, meza ni mesa (hiyo tuliipata kwa Wareno, nilimwambia), na fulani, jamani, ni fulano! Alicheka mpaka watu wakageuka. Tulipoondoka alikuwa na maneno 23.

Siku ya tatu tulikwenda Córdoba kutwa, treni ya mwendokasi dakika 45 tu, asubuhi kwenda jioni kurudi, hiyo siihesabu kuwa mji wa pili maana mabegi yamebaki kitandani. Tulikwenda kwa ajili ya ule msikiti mkuu ambao sasa ni kanisa kuu, ulioanza kujengwa na Abd al-Rahman wa kwanza miaka ya 780. Nguzo zaidi ya 800, matao mekundu na meupe juu ya mengine, unatembea na msitu wa mawe haukwishi. Halafu ghafla katikati unakutana na kanisa refu limejengwa ndani. Mihrabu ipo bado, inang'aa dhahabu, ila kusali Waislamu hairuhusiwi, na mie hilo linaniuma, siwezi kusema haliniumi. Watoto wakauliza mengi, nani alifanya, kwa nini hawakubomoa, mbona na wale wa mwanzo walijenga palipokuwa na kanisa. Tulibishana kwenye treni mpaka Sevilla, na baba yao ambae kwa kawaida akikaa kwenye kiti analala, hakulala. Mtoto wa miaka sita huwezi kuwa na mazungumzo yale. Hii ndo faida ya kusafiri nao wakiwa wakubwa, na miaka yenyewe imebaki michache, kijana karibu ataondoka nyumbani.

Sasa siku yao. Niliwapa euro 120 mkononi, noti, nikawaambia hizi ni za watu wanne kutwa nzima, chakula, basi, kila kitu, zikibaki mnagawana. Sharti langu moja tu, mjue mapema wapi kunahitaji tiketi. Walikaa juzi yake na simu zao na ramani ya karatasi, wakagombana, wakapatana: asubuhi ya kaka, jioni ya dada. Kaka akatupeleka uwanja wa Sevilla FC, maana ile timu imechukua kombe la Europa League mara saba na yeye mambo hayo anayajua kama jina lake, tukaangalia nje, akahesabu bei ya kuingia ndani watu wanne, akasema hapana, tuzitunze. Mwenyewe! Mtoto ambae nyumbani taa anaacha inawaka kila chumba. Mchana tulipotaka kukaa kwenye meza za nje akanivuta, "Subiri Mama, ukikaa nje bei inapanda, imeandikwa pale chini," na kweli imeandikwa kwa herufi ndogo, tukala ndani. Jioni dada akatuvusha mto Guadalquivir (wadi al-kabir, mto mkubwa) kwenda Triana kwenye mafundi wa vigae, akachagua kigae kimoja kwa nusu saa nzima, kisha Plaza de España, ule uwanja wa nusu duara uliojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1929, kila jimbo lina benchi lake la vigae, na kuna mfereji wenye vimashua vya kukodi. Kaka akapiga makasia. Tulikuwa tunazunguka pale pale, tunagonga ukingo, wanacheka wote wawili pamoja, kitu ambacho nyumbani sikumbuki mara ya mwisho lini. Zilibaki euro 14, wakanunua churros, vile vijiti vya unga vya kukaanga, na chokoleti nzito ya kuchovya, wakatugawia na sisi.

Kuhusu chakula kwa sisi tusiokula nguruwe, ulizeni kila kitu, ile jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, wanainyunyiza hata mahali hukutegemea, kwa mfano juu ya salmorejo, supu baridi ya nyanya, mwambie asiweke. Lakini hutolala njaa. Spinachi kwa dengu ni chakula cha Sevilla hasa, na kuna cazón en adobo, yaani papa, papa huyu huyu wetu, karowekwa kwenye siki na bizari ya pilau akakaangwa. Baba yao alikula siku tatu mfululizo.

Na sasa viza, maana hapa ndo wengi wanaangukia. Wanangu wana pasipoti za Uingereza wanapita, mie nina ya Tanzania, na kuishi Uingereza hakukuondolei viza ya Schengen, ile ya kuingilia Hispania na nchi nyingi za Ulaya. Ombi unaweza kuliweka miezi sita kabla na lisipungue siku 15 kabla ya safari, ila hizo siku 15 usizitegemee, miadi yenyewe mie niliisaka wiki tatu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue euro 30,000, barua ya kazini, taarifa za benki, tiketi, mahali pa kulala. Tafadhali usilipe nyumba isiyorudisha pesa kabla viza haijatoka, kuna dada namjua alipoteza pesa zote na watoto wakalia.

Mwaka huu wamechagua Granada, sikuulizwa. Binti kashajua kwamba tiketi za Alhambra, lile kasri la Waislamu la huko Granada, zinatoka na jina la mtu na pasipoti inakaguliwa mlangoni, na yale majumba ya ndani ukichelewa saa yako huingii, kwa hiyo kaandika majina yetu wanne na namba za pasipoti kwenye karatasi, herufi kubwa, kabandika kwenye friji. Pembeni ya jina langu kaandika, "Mama, miadi ya viza?" Kesho nikipata nafasi kazini naanza kuitafuta.