Hesabu ya Kombolela

Jimu yetu ya Mbagala ni banda la mabati, na vyuma vyake vingi si vyuma. Ni bomba la maji lililochomekwa kwenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Kopo la kushoto ni zito kuliko la kulia. Kila mtu anajua, hakuna anayelalamika.

Mkongwe wetu ni mzee mmoja fundi seremala. Ananyanyua mara kumi, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa kahawa, anamaliza habari za mpira, ndipo anarudi kwenye chuma. Mimi nilimwona mvivu. Nilikuwa nimesoma habari za Vince Gironda, Mmarekani aliyefungua jimu yake North Hollywood mwaka 1948, akamfundisha Larry Scott, aliyekuja kuwa bingwa wa kwanza wa Mr. Olympia, shindano la watunisha misuli, mwaka 1965. Alikuwa na tizi la seti nane, kila seti mara nane, na katikati unapumzika sekunde 15 hadi 30 basi. Kwamba uzito uwe mwepesi, na mapumziko uyapunguze kidogo kidogo, hiyo nayo niliisoma, ila kama tunavyosoma masharti ya mkopo wa kwenye simu.

Jumamosi nikaamua: zoezi la baisepu, msuli wa mbele ya mkono, mapumziko sekunde 15, uzito uleule wa siku zote. Simu ilikuwa kwenye chaji, kwa hiyo nikamkamata mtoto wa mwenye jimu, miaka saba hivi, anihesabie. Malipo, barafu mbili za ubuyu. Mtoto akageukia nguzo, akafumba macho, akahesabu kama anayecheza kombolela: "Mojambilitatunnetano..." Kumi na tano yake haikufika sekunde sita. "Tayari!" Na mimi nitabishana na mtoto mbele ya watu?

Hadi seti ya tatu nilikuwa simba. Ya tano nilinyanyua kwa kiuno, ya saba kwa shingo, ya nane kwa dua za mama. Msuli ukishamaliza nguvu yake ya haraka unataka dakika mbili tatu kuirudisha. Mimi niliupa muda wa kupiga chafya.

"Mwanangu," mzee akaniita kutoka kwenye ndoo, "unakimbizwa na nani?"

Nikacheka. Kisha nikaongeza zoezi la pili, viganja vikitazama chini, seti nane nyingine. Usiku nilijipiga picha nne kwenye kioo.

Jumapili niliamka mikono imekunjika, na si mimi niliyeikunja. Viwiko vimegoma nyuzi tisini, kama mlango uliovimba kwa mvua. Kuinyoosha nilijaribu mara moja tu. Jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni. Na siku hiyo kulikuwa na hitima mtaa wa pili, hakuna kukosa. Kanzu niliiingia kwa chini, kama panya anayeingia guniani.

Dua ilipoanza nilimshukuru Mungu, maana kwa mara ya kwanza siku hiyo nilifanana na watu. Mikono yote juu, viganja wazi. "Amin." "Amin." Dua ikaisha, watu wakajipangusa nyuso, wakashusha mikono. Yangu ikabaki palepale. Bibi mmoja aliyekuwa mlangoni akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kusikika hadi barazani, "Tazama kijana wa watu, bado anaomba. Wamebaki wachache hao." Sikuwa na namna. Nikafumba macho nikaendelea kuomba, safari hii kwa dhati.

Likaja sinia, pilau ya watu watano. Nyama, kama kawaida, imerundikwa katikati. Mkono wangu ulifika kwenye ukingo, ukakomea hapo. Nikala wali wa ukingoni, nikasogea, nikainama hadi kofia ikaning'inia juu ya kachumbari. Nyama naiona, harufu naipata.

Aliyekaa mbele yangu alikuwa yule mzee. Alinitazama viwiko kwa muda, taratibu, kama anayekagua mbao. Akachukua pande la nyama, zuri, lenye mfupa, akalisukuma upande wangu. Halafu akasita, kidole bado kiko juu yake.

"Jana ulikuwa unapumzika ngapi?"

"Kumi na tano, mzee wangu."

"Dakika?"

"Sekunde."

Akalivuta pande lake, akalirudisha kwake.