Fidia kwa familia, siri kwa umma: kazi ya mawakili wa mateso vyuoni

Novemba 2001, Chad Meredith, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye miaka 18, alizama katika Ziwa Osceola, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Miami, jimbo la Florida, Marekani. Alikuwa amekunywa pombe, na aliingia majini usiku pamoja na viongozi wawili wa tawi la Kappa Sigma, chama cha udugu wa wanafunzi alichotaka kujiunga nacho. Chama kilisema hayakuwa mateso ya kumpima mgeni. Kijana aliogelea kwa hiari yake. Wazazi wakamwendea wakili David Bianchi. Mwaka 2004 baraza la raia walioisikiliza kesi likawapa dola milioni 12.6, baada ya kukata asilimia 10 ya lawama iliyowekwa kwa marehemu mwenyewe.

Aliyesoma bweni Kenya au Tanzania hahitaji kuelezwa sana mateso haya ya ukaribisho. Ni yaleyale yanayomkuta kidato cha kwanza wiki zake za mwanzo, ila Marekani mara nyingi chombo chake ni chupa ya pombe kali. "Kaka mkubwa" anamkabidhi mgeni chupa, na mgeni anajua asipoimaliza hatakuwa mwenzao.

Tangu kesi ile, Bianchi ameendelea kuwatetea majeruhi wa vyuo na wazazi wa waliokufa. Wanaomsifu hawaanzi na dola. Wanataja sheria ya Florida ya mwaka 2005, yenye jina la Chad Meredith, ambayo yeye alisaidia kuiandika. Ilifanya mateso haya kuwa kosa la jinai na ikafuta ule utetezi wa "alikubali mwenyewe". Sheria hiyo ndiyo iliyotumika baada ya Robert Champion, kiongozi wa bendi ya Chuo Kikuu cha Florida A&M, kupigwa hadi kufa ndani ya basi mjini Orlando mwaka 2011. Aliyeongoza kipigo kile alihukumiwa miezi 77 mwaka 2015.

Hoja yao ina uzito ukiangalia upande wa jinai unavyokwenda. Mwanafunzi Timothy Piazza alikufa Februari 2017 baada ya kuanguka kwenye ngazi za nyumba ya Beta Theta Pi, chama kingine cha udugu, katika Chuo Kikuu cha Penn State. Kamera za nyumba ile zilionyesha kwamba wenzake walikaa kwa muda wa karibu saa 12 kabla ya kuita msaada. Viongozi wawili wa tawi walihukumiwa Oktoba 2024, miaka saba baadaye, jela ya miezi miwili hadi minne. Wakati huo wakili wa familia, Tom Kline, alikuwa amekwisha kumalizana na makao makuu ya chama tangu 2018, na ndani ya makubaliano kulikuwa na masharti ya mageuzi, si pesa peke yake.

Sasa tugeukie upande wa pili, na tuanze na mfuko wa wakili. Kanuni za Florida zinamruhusu, mdaiwa akishajibu madai mahakamani, kuchukua hadi asilimia 40 ya dola milioni ya kwanza, 30 ya milioni ya pili na 20 ya kinachozidi. Kwa kipimo hicho, fidia ya milioni 12.6 inamwachia kama milioni 2.8. Wapo wanaoita hiyo biashara ya msiba. Mimi siioni hoja hii kuwa nzito. Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinakataza mapatano ya kumlipa wakili akishinda tu, na matokeo yake mzazi wa kawaida ambaye mwanawe ameumizwa shuleni anatakiwa atoe fedha kwanza. Wengi huishia kwa mwalimu mkuu. Asilimia ya Florida inauma, lakini bila hiyo wazazi wengi wasingefika mahakamani.

Kinachonisumbua ni nani hasa analipa. Bima za vyama hivi kwa kawaida zina kanuni za pombe na mateso, na mwanachama aliyezivunja anaweza kuambiwa hana kinga. Makao makuu yanajitenga: tuliwakataza, wao wakakaidi. Wakili anabaki na kijana wa miaka 20, asiye na mali, na bima ya nyumba ya wazazi wake. Hivyo katika kesi moja majina ya wadaiwa yanaweza kupita 20. Haki ipo hapo, ila chombo kilichojenga mila yenyewe kinaweza kutoka kikiwa na mikwaruzo tu.

La pili ni siri. Baadhi ya kesi huishia kwa malipo ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyataja. Kijana wa Chuo Kikuu cha Missouri aliyenyweshwa hadi kilevi kikafika 0.468 katika damu, karibu mara sita ya kiwango cha dereva, alibaki hawezi kuona wala kusema. Familia yake ilimalizana na wadaiwa kwa masharti ya siri. Siwalaumu, mtoto wa kuuguzwa maisha yote hawezi kungojea rufaa. Lakini wakili anayeitwa mrekebishaji wa vyuo apimwe kwa kile alichokataa kukifungia kabatini. Chuo cha Bowling Green, Ohio, ambacho ni cha umma, kililipa dola milioni 2.9 mwaka 2023 kwa kifo cha mwanafunzi wake Stone Foltz, na kila mzazi anaweza kuisoma namba hiyo. Hofu ya kesi pia huwafanya vijana wasite kupiga simu mwenzao akizidiwa. Ndiyo maana Florida iliongeza mwaka 2019 kinga ya jinai kwa anayepiga simu mapema na kusubiri msaada.

Desemba 2024 Rais Joe Biden alisaini sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo kutangaza majina ya vyama vilivyokutwa na hatia na walichofanya. Inasaidia sana, kwa kuwa mzazi sasa ataona historia ya nyumba kabla mwanawe hajaingia. Haigusi makubaliano ya faragha, na sharti la kufungua nyaraka bado linawekwa mezani na mdai na wakili wake, kwa kawaida kwa gharama ya kupunguziwa fidia.