Nafasi ndani ya siku nne: tumuulize wakala analipwa na nani

Saa nne usiku dada yangu alinitumia picha WhatsApp. Barua yenye nembo ya chuo kimoja cha Uingereza, na chini yake maneno matatu: "Mwanao kapata chuo." Huyo mwanangu ni mpwa wangu. Wakati huo alikuwa mwaka wa tatu hapa Dar, akisoma takwimu, na utafiti wake wa mwisho alikuwa hajaukabidhi. Siku nne nyuma alikuwa amepita kwenye banda la wakala wa vyuo vya nje, akaacha nakala ya matokeo na namba ya simu. Nikaisoma barua hadi mwisho. Kozi ni biashara ya kimataifa, ngazi ya uzamili. Ada ni pauni 16,500, yaani zaidi ya shilingi milioni 50. Malipo ya awali yaingie kabla mwezi ujao haujaisha, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Neno ufadhili halimo popote.

Takwimu imepotelea wapi? Nilimuuliza mwenyewe kesho yake. "Anko, walisema hiyo ndiyo yenye nafasi za haraka."

Kaa kwenye vimbweta, vile viti vya zege vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, mwezi wa tano au wa sita, wakati wa mwaka wa mwisho wanahangaika na utafiti, utasikia kambi mbili zikibishana. Kambi moja inasema mawakala wote ni matapeli, kila kitu kiko mtandaoni, omba mwenyewe. Nyingine inasema bila wakala huendi popote, fulani aliomba mwenyewe mara tatu akanyimwa viza mara tatu. Zote mbili zinajadili uaminifu wa mtu. Mimi naona tungeanza na hesabu: huyu wakala mkate wake unatoka wapi?

Mara nyingi unatoka chuoni kule nje. Chuo humlipa asilimia fulani ya ada ya mwaka wa kwanza ya kila mwanafunzi aliyemleta na aliyelipa. Ndiyo maana ofisi nyingi zinakwambia huduma ni bure, na kwa kweli ni bure. Hakuna utapeli hapo, ni biashara ya kawaida kama ya dalali wa nyumba Sinza. Lakini ukishajua hilo, utaelewa kwa nini orodha anayokuonyesha ina vyuo vile na si vingine. Vyuo vya umma vya Ujerumani, ambako sehemu kubwa hakuna ada ya masomo, havina kamisheni ya kumpa. Mfuko wa ufadhili nao hauna. Hawezi kukupeleka mahali ambapo hakuna anayemlipa, na usimlaumu kwa hilo.

Sasa tumtendee haki, kwa sababu yapo anayoyafanya vizuri. Mzazi anayelipa kwa mfuko wake, anayempeleka mtoto India au China kwa shahada ya kwanza, ananunua kitu cha maana pale ofisini: makaratasi yanakaguliwa, watoto wanasafiri kwa kundi, kuna mtu wa kuwapokea uwanja wa ndege, hosteli imeshalipiwa. Vita ilipoanza Ukraine Februari 2022, Watanzania wanaosoma kule walikuwemo. Mzazi aliyefuatilia taarifa za siku zile anataka mlango wa kugonga hapa hapa mjini, na namwelewa. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inawasajili mawakala hawa na orodha iko kwenye tovuti yake. Asiyekuwemo, kaa naye mbali. Anayekupa bei ya huduma yake kwa dola, mkumbushe kwamba tangu Machi 2025 kanuni za Benki Kuu zimepiga marufuku kupanga bei za huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Ukiona anabadilika uso, umeshapata jibu.

Lakini mpwa wangu hana mfuko huo. Mama yake anauza vitenge Kariakoo, na chuo amesoma kwa bumu la Bodi ya Mikopo. Mtu wa namna hii njia yake ni ufadhili, au nchi isiyotoza ada, na huko kote fomu inamtaka yeye.

Chukua ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au hapo karibu. Unachagua kozi tatu, unaandika insha kuhusu uongozi, mahusiano yako ya kikazi, masomo na mipango ya kazi, na uwe na uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800, yaani miaka miwili kwa hesabu yao. Ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, kwa kozi za maendeleo nao unataka miaka miwili ya kazi, na shahada yako isiwe imepita miaka sita. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida haina sharti hilo la kazi. Unasoma katika nchi zaidi ya moja na posho ni euro 1,400 kwa mwezi. Insha ya maombi hayo, wakala akikuandikia, imeharibika. Ile aliyomwandalia mpwa wangu ilianza hivi: tangu utotoni nimekuwa na shauku ya biashara ya kimataifa. Binti huyu utotoni alikuwa anahesabu magari yanayopita Shekilango na kuyaandika kwenye daftari kwa rangi. Hilo ndilo lilikuwa la kuandikwa.

Kuna kitu kidogo ambacho nimeona kinawaangusha wengi wanaoomba wenyewe, na sijui kwa nini hakifundishwi chuoni. GPA zetu, yaani wastani wa alama, ziko kwenye 5. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5, na kufaulu ni 2.0. Mpwa wangu ana 3.8. Akiiandika hivyo hivyo kwenye fomu bila kutaja kipimo, msomaji wa Marekani aliyezoea kipimo cha 4 anadhani amekutana na mtu wa ajabu, kisha anafungua hati ya matokeo na kuanza kumshuku. Ujerumani mambo yamegeuzwa kabisa: 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya chini kabisa ya kufaulu. Wana kanuni ya kubadilisha alama za nje. Unachukua alama ya juu kabisa ya kwenu, unatoa ya kwako, unagawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya kufaulu, unazidisha kwa 3, unaongeza 1. Kwa sababu tofauti ya 5 na 2 ni 3 kamili, kwa Mtanzania kanuni yote hiyo inakuwa kutoa tu: 6 toa GPA yako. Mwenye 3.8 anapata 2.2. Mwenye 3.5 anapata 2.5, na 2.5 ndiyo mpaka ambao kozi nyingi za kule huuweka. Kwa hiyo daraja la pili la juu linakuvusha, la pili la chini linakuacha nje ya mlango, na unaweza kulijua hilo ukiwa mwaka wa pili, kabla hujatumia hata senti. Kuomba vyuo vingi vya kule hupitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo: euro 75 kwa ombi la kwanza, 30 kwa kila linaloongezeka. Mwenye 3.1 anayejaribu bahati nasibu kwa vyuo vitano anachoma euro 195.

Kingine ni barua za mapendekezo. Mwalimu ana darasa la wanafunzi mia nne, jina lako halijui. Ukimfuata mwezi wa saba akiwa na rundo la mitihani ya kusahihisha atakwambia, "Andika mwenyewe niletee nisaini." Wengi hufurahi kusikia hivyo. Basi wanakwenda steshenari, wanaandika barua ya kujisifu ya aya tano, na mwalimu anasaini bila kuisoma. Vyuo vingi vya nje havitaki karatasi hiyo siku hizi. Vinamtumia mwalimu kiungo kwenye barua pepe yake ya chuo, ajaze mwenyewe kwa tarehe iliyowekwa, nao wanaitilia shaka anwani ya kawaida ya Gmail. Mpwa wangu aliupata msaada mahali ambapo hakuutarajia: mwalimu aliyemsimamia fildi ya mwaka wa pili, ambaye alikuwa akimpelekea maswali baada ya kipindi. Huyo aliandika nusu ukurasa tu, lakini aliandika habari ya jedwali moja la takwimu za maji ambalo binti aligundua lina makosa. Aliyejificha nyuma ya darasa miaka mitatu hatapata nusu ukurasa kama huo kwa wakala yeyote.

Kambi ya "omba mwenyewe" nayo ina upofu wake. Wanasema kila kitu kiko mtandaoni kana kwamba bando ni bure na umeme haukatiki saa tano usiku dirisha la maombi likikaribia kufungwa. Mtoto ambaye ukoo mzima hakuna aliyewahi kupanda ndege kwenda kusoma hajui hata swali la kuuliza. Kosa dogo la viza linamgharimu mwaka. Uingereza inataka fedha za kujikimu ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na ikishuka hata siku moja, unakataliwa. Ujerumani inataka akaunti maalumu yenye euro 11,904 za mwaka mzima, zaidi ya shilingi milioni 30, hata pale ambapo ada ni sifuri. Hapa ndipo neno bure linapowapoteza watu, na hapa ndipo wakala mbaya huingia na ushauri wa kuazima "pesa ya kuonyesha" kwa jamaa, ikae wiki chache itolewe. Ukigundulika, umeandikwa mdanganyifu, na kila fomu ya viza utakayojaza baadaye itakuuliza kama umewahi kukataliwa.

Marekani siitaji sana. Tangu Januari 1, 2026 Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya kuingia, na viza za wanafunzi zimo. Anayekuuzia nafasi ya huko aanze kwa kukueleza hilo.

Mjadala mwingine wa vimbweta ni kuondoka moja kwa moja au kufanya kazi kwanza. Wazee hupenda mfano wa Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora baada ya Makerere ndipo akaenda Edinburgh 1949. Mfano mzuri, ila yeye kazi aliipata. Mhitimu wa leo anaweza kuzunguka na bahasha miaka miwili akitafuta hiyo kazi ya kumpa uzoefu. Na saa za mkopo zinakwenda: marejesho ya Bodi huanza miezi 24 baada ya kuhitimu, na ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wanaosema ondoka sasa hivi wana hoja.

Tatizo la hoja hiyo ni kalenda. Unamaliza mitihani Julai, mahafali ni mwishoni mwa mwaka, hati ya matokeo inafuata kwa mwendo wake. Ufadhili mwingi wa kuanza masomo Septemba au Oktoba hufunga maombi kati ya Oktoba na Februari, kabla hata cheti hakijakauka wino. Mwaka mmoja katikati upo tu, utake usitake. Kwa hiyo sioni kama swali ni kwenda sasa au baadaye. Naona ni nini kinafanyika ndani ya mwaka huo: kujitolea kwenye shirika, ambako kwa Chevening saa zake huhesabiwa, pasipoti ya shilingi 150,000, mtihani wa Kiingereza wa IELTS ambao matokeo yake hudumu miaka miwili na kwa hiyo si wa kuharakia mwaka wa pili. Vipo pia vyuo vinavyokubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza badala ya mtihani huo. Waandikie uwaulize kabla hujalipia.

Na kusoma "nje" kwenyewe kumesogea. IIT Madras, moja ya taasisi za teknolojia za India ziitwazo IIT, ilifungua tawi Zanzibar Novemba 2023, la kwanza la IIT nje ya India. Saa mbili za boti kutoka Posta.

Malipo ya awali hatukutuma. Mpwa wangu sasa anasubiri hati ya matokeo na anajitolea mahali wanapokusanya takwimu za afya, hana mshahara, nauli tu. Ameandika insha mbili, moja nzuri. Mama yake bado ananinunia kidogo, maana majirani walishaambiwa.

Ila kuna mdogo wake. Anamaliza kidato cha sita Mei, anataka famasia India, na baba yao ameshauza kiwanja cha Chanika kwa ajili hiyo. Kwa huyu nimemwambia dada tofauti: Julai maonesho ya vyuo vikuu yakianza Mnazi Mmoja, twende wote tuzunguke mabanda ya mawakala, orodha ya TCU mkononi, tumtafute anayeeleweka. Na kabla ya tiketi, tuombe TCU hati ya kutokuwa na pingamizi kwa chuo chenyewe, ili siku akirudi na cheti chake kisije kukataliwa kutambuliwa.