Naomba Nionane na Huo Mfumo

Mwenzenu niliamshwa saa tisa usiku na meseji. Mimi meseji za saa hizo nazijua, ama msiba ama bando linaisha, kumbe ni benki, ndugu mteja TZS 1,200,000 zimetolewa kwenye akaunti yako kulipia mkopo, salio lako ni 3,400, ahsante kwa kutuchagua. Nikakaa kitandani simu imenikaa mkononi kama kaa la moto, pembeni mama watoto anakoroma kwa amani zake zote, na hela ilikuwa yake. Hata sio yake, ya mchezo!

Iko hivi. Mke wangu ni kijumbe, ndiye mkusanyaji wa hela za mchezo. Wako wanawake kumi na wawili hapa Mbagala, kila mwezi kila mmoja anatoa laki, anabeba mmoja. Zamani hela ilikuwa inalala kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, mpaka siku moja mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nikasema mke wangu mambo ya kopo ushamba, weka kwenye akaunti yangu kuna usalama. Na mwezi huu zamu ya Mama Zai muuza vitumbua, alishaenda mpaka dukani kuchagua mabati, rangi ya damu ya mzee.

Deni ninalo, sikatai. Nilikopa milioni mbili nikanunua friza niuze juisi na barafu, umeme nao ukaanza tabia yake ya kuja kusalimia na kuondoka, ukwaju ukachacha, rejesho la 196,000 kwa mwezi nikaliruka mara tatu. Hiyo ni 588,000. Weka na faini yao 60,000, jumla 648,000. Sasa milioni moja na laki mbili inatokea wapi jamani?

Asubuhi nikaenda. Mlinzi akanipa tiketi namba 74, kwenye skrini wako 31, kaunta sita dada mmoja. Nimekaa pale nawaza, hivi wao walivyokuja kwangu saa tisa usiku walichukua tiketi ya nani?

Dada alinipokea vizuri tu, shikamoo baba, marahaba, akabonyeza bonyeza weee, akasema baba hapa ni mfumo ndio umechukua. Nani aliuambia uchukue? "Unachukua wenyewe baba." Nikamwambia basi naomba nionane na huo mfumo, unakaa ghorofa ya ngapi. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Akanitolea mkataba, ukurasa wa tisa, maandishi kama mayai ya chawa, eti benki inaweza kuchukua fedha kwenye akaunti yoyote ya mkopaji kufidia deni. Sahihi ni yangu kweli, nilisaini siku ile ananionyesha hapa, na hapa, na hapa baba, nani anasoma ukurasa wa tisa wakati hela ya friza inakusubiri? Nikamuuliza na hiyo 552,000 ya juu ni ya nini. "Tumekulipia marejesho ya mbele baba." Mawili kamili na la tatu kipande! Mimi tangu tozo za miamala za 2021 nilishazoea kukatwa, nakatwa nashukuru, ila kukatwa mwezi ambao haujafika hapana, huo mwezi naweza nisiuone kabisa, hela yangu imeshatangulia kunisubiri huko.

Aliyenisaidia ni mwalimu mstaafu hapa mtaani, yule mzee wa kusoma kila kitu mpaka karatasi ya kufungia maandazi. Akasema kijana, deni lako wafidie kwa hela yako, ila hela ya kijumbe ni amana, umeshikishwa tu. Na mwezi ambao haujafika hakuna deni la kudai. Kuna kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, unaanza kulalamika kwa benki yako, kwa maandishi, wakikuzungusha unapanda nayo mpaka Benki Kuu. Akaniandikia barua kwa mwandiko wa ubaoni.

Sasa kulalamika nako kunataka fomu, fotokopi ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, na taarifa ya akaunti ya miezi sita ambayo unailipia wewe uliyechukuliwa hela. Nilipoangalia ile 3,400 nikakuta imebaki 1,040, makato ya mwezi hayo, yaani mpaka kisiki wameng'oa. Ushahidi wangu ulikuwa daftari la mchezo, msomi wa kaunta akalishika kwa vidole viwili maana lina mafuta ya vitumbua kila ukurasa, majina kumi na mawili na vema zake, na palipoandikwa "Mama Zai mwezi huu" pana alama ya dole gumba inayong'aa. Nikamwambia muhuri huo.

Njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, meneja yuko kwenye kikao, mwisho wakarudisha ile 552,000. Hiyo 648,000 bado wanajadiliana kama ni yangu au ya Mama Zai, na barua ya kwenda Benki Kuu iko mfukoni, tayari ina alama ya jasho.

Mama Zai yeye hakujadiliana na mtu. Alikuja na wenzake wanne na mkokoteni, shemeji hujambo, shemeji samahani, wakabeba friza mchana kweupe. Sasa hivi iko barazani kwake anauza ukwaju, na huko umeme haukatiki, sijui kafanyaje huyu mama. Jana joto lilinizidi nikaenda kununua glasi ya shilingi 500 kutoka kwenye friza yangu mwenyewe, mfukoni nina 300, nikamwomba aniandikie deni la mia mbili, akanyang'anya glasi akapunguza juisi.