Dole gumba si ridhaa

Katika wodi nyingi za kanda yetu ya kati kuna kazi ambayo wauguzi wameachiwa bila mtu kukaa chini na kuamua kwamba ni yao: kutafuta saini ya mgonjwa kabla ya upasuaji. Daktari anapita raundi asubuhi, anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa aandaliwe, anaendelea na safari. Mgonjwa anazuiwa kula, anawekewa dripu, anavalishwa gauni. Machela ikishafika mlangoni ndipo mtu anakumbuka fomu. "Sista, huyu ameshasaini?" Sista anakimbia na karatasi mkono mmoja, wino wa muhuri mkono wa pili.

Nimefanya kazi wodini hapa Dodoma, na sasa nawasimamia wanafunzi wa uuguzi wanapokuja kwenye mazoezi. Nasema bila kuzunguka: kinachopatikana kwa njia hiyo ni alama ya wino tu.

Mchukue bibi wa Bahi mwenye kisukari, kidonda cha mguu kimeoza, na daktari ameamua mguu ukatwe chini ya goti. Ana miaka sabini na kitu. Kiswahili cha sokoni anakisikia, cha hospitali hakimwingii. Lugha yake ni Kigogo. Kijana wake amesimama pembeni ya kitanda. Nesi anaeleza kwamba kidonda kimefika kwenye mfupa, kwamba mguu ukiachwa utamwua, kwamba kuna hatari ya kutokwa damu na ya dawa ya usingizi. Kijana anamgeukia mama yake, anasema maneno manne au matano. Ukimuuliza amemwambia nini, atakujibu kwa upole kabisa: "Nimemwambia anatibiwa, atapona." Hana nia mbaya. Anamwonea huruma mzazi wake. Nesi anaushika mkono wa bibi, anakitafuta kidole gumba, anakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Ngozi imepasukapasuka kwa miaka ya kushika jembe, alama haitoki vizuri, kidole kinarudishwa kwenye wino mara ya pili. Wanakifuta kwa pamba yenye spiriti. Neno "kukata" halijatamkwa mbele yake kwa lugha anayoielewa, na saa chache baadaye ataamka hana mguu.

Chini ya dole hilo pana mstari wa shahidi, na anayeujaza mara nyingi ni muuguzi. Shahidi wa nini? Ukiwauliza wanafunzi, wengi wanasema anashuhudia kwamba mgonjwa ameweka dole mbele yake. Jibu hilo linanisumbua, maana hata mlinzi wa getini anaweza kushuhudia hivyo. Muuguzi ameitwa pale kwa sababu anajua ugonjwa, anajua upasuaji, na anaweza kutambua kama huyu mtu ameelewa au amekubali kwa sababu watu wenye makoti meupe wamemzunguka.

Na jina lile lina uzito kisheria. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, muuguzi ana usajili na leseni yake mwenyewe. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania likipokea malalamiko linaweza kumwita na kumhoji, na adhabu yake inaweza kufikia kusimamishwa au kufutwa kwenye rejista. Siku hiyo, kusema "daktari aliniharakisha" hakutaliondoa jina lake kwenye mstari wa shahidi.

Naamini tatizo lina mizizi katika namna tulivyofundishwa utii. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawasha mishumaa na kurudia kiapo tunachokiita cha Florence Nightingale. Nightingale hakukiandika. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, na katika maneno yake ya awali muuguzi anaahidi kumsaidia daktari kwa uaminifu katika kazi yake. Maadili ya kwanza ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ya mwaka 1953, nayo yalimtaka atekeleze maagizo ya daktari kwa akili na kwa uaminifu. Lakini mwaka 1973 kifungu hicho kiliondolewa, ikaandikwa kwamba wajibu wa kwanza wa muuguzi ni kwa watu wanaohitaji huduma yake. Msimamo huo umebaki mpaka toleo la 2021, ambalo pia linamtaka ahakikishe mgonjwa amepata maelezo sahihi na ya kutosha, kwa njia anayoielewa, kabla ya kutoa ridhaa. Nikiangalia wodi zetu saa ya kwenda thieta, naona wengi wetu bado tuko mwaka 1953.

Kueleza upasuaji ni kazi ya atakayeupasua mwili. Yeye ndiye anayejua atakata wapi, njia nyingine ipo au haipo, na nini kinaweza kuharibika. Muuguzi anakazia, anatafsiri, anasikiliza maswali ambayo mgonjwa hathubutu kumuuliza daktari. Tukikubali kubeba maelezo yote sisi wenyewe ili kazi iende, tunamnyima mgonjwa haki ya kuongea na mtu sahihi.

Kuna pia suala la waume. Mama mjamzito ana miaka ishirini na sita, akili timamu, anahitaji kufanyiwa upasuaji wa uzazi, na bado mtu anapiga simu kumtafuta mume aliyeko machungani ili "aje asaini". Huyo mama ni mtu mzima. Ridhaa ni yake. Mume ashirikishwe kama mkewe anataka, na ni vizuri, lakini dakika za kumsubiri zinahesabiwa kwenye mapigo ya moyo wa mtoto.

Siyo kwamba napuuza ukoo. Bibi wa Bahi akisema, "Nasubiri kaka yangu mkubwa, yeye ndiye ataamua," hilo nalo ni uamuzi wake na nauheshimu, ilimradi limetoka kinywani mwake baada ya kuelewa kinachomngoja. Akikataa kukatwa, vilevile. Maneno ya "basi nenda ukafie kwenu" ninayoyasikia mtu akikataa yananiuma kuliko kukataa kwenyewe. Hata kwa wagonjwa wa akili, ambao Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kuwalaza bila hiari yao, mtu anastahili kuelezwa nini anafanyiwa na kwa nini.

Najua jibu nitakalopewa: nesi yuko peke yake usiku na wodi nzima. Ni kweli, upungufu ni mkubwa. Na mtu akija anavuja damu, hajitambui, hana ndugu, unaokoa maisha kwanza. Ila mguu wa bibi ulioamuliwa kwenye raundi ya asubuhi haukuwa dharura ya namna hiyo. Siku nzima ilikuwepo.

Ninachotaka hakihitaji bajeti kubwa. Fomu ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, maana nimeona nyingi za Kiingereza zikisainiwa na watu wasiojua neno hata moja lililomo. Kwenye kila zamu ijulikane nani anaongea Kigogo, Kirangi au Kinyaturu, aitwe yeye badala ya mtoto wa mgonjwa au jirani wa kitanda cha pili, ambaye hana haki ya kujua siri hiyo. Na kabla ya wino, mgonjwa aombwe arudishe kwa maneno yake: unaenda kufanyiwa nini?

Wanafunzi wangu nawaambia, akishindwa kujibu, usisaini. Mpigie daktari, kisha andika kwenye faili: "Saa 4:20 usiku. Mgonjwa hajaelewa upasuaji uliopangwa. Daktari amejulishwa aje kueleza." Weka jina lako hapo. Asubuhi daktari akifika amekasirika, muuguzi mfawidhi wa wodi ndiye anayepaswa kusimama mbele yake akiwa na faili hilo mkononi, na binti wa zamu ya usiku aachwe aende nyumbani kulala.